Siku Kumi na Begi Mgongoni: Paris, Brussels na Amsterdam, au Prague, Vienna na Budapest?

Anayepata likizo fupi ya kwenda Ulaya hujiuliza maswali mawili: niende wapi, na niende miji mingapi. Hilo la pili ndilo linaloharibu safari nyingi. Mtu ana siku kumi, anaandika miji saba kwenye karatasi, kisha anajikuta anashinda stesheni. Kila ukihama mji unapoteza nusu ya siku: kufunga begi, kutoka hosteli kabla ya saa nne au saa tano asubuhi, kuwahi treni, kusafiri, kutafuta hosteli mpya mtaa usioujua, halafu kusubiri mpaka saa nane au saa tisa alasiri ndipo ukabidhiwe kitanda. Hama mara sita uone siku tatu zilivyokwenda bure.

Kwa hiyo hapa nalinganisha njia mbili tu, kila moja ina miji mitatu. Ya kwanza ni ya magharibi: Paris, Brussels, Amsterdam. Ya pili ni ya katikati ya Ulaya: Prague, Vienna, Budapest. Zote zinapitika kwa treni kuanzia mwanzo hadi mwisho, na zote mbili mtu anaweza kuzimaliza kwa siku nane hadi kumi bila kukimbizana na saa.

Ninakoelemea nakusema mapema. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, anayelipa kwa hela yake mwenyewe na asiye na ndugu wa kumfikia, njia ya Prague hadi Budapest ndiyo yenye nafasi zaidi, ya mfukoni na ya kupumua. Lakini njia ya magharibi ina sehemu moja ambayo haina mbadala, na kwa baadhi yetu tunaosoma Kiswahili sehemu hiyo peke yake inatosha kubadili uamuzi. Nitaifikia.

Viza

Nchi zote sita, yaani Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ucheki, Austria na Hungaria, zimo katika eneo la Schengen. Viza moja inakupitisha kote. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari lazima igharamie matibabu yasiyopungua euro 30,000. Ombi unaweza kulipeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kisheria jibu hutoka ndani ya siku 15, ila wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika siku 45, na miezi ya Mei hadi Agosti tatizo kubwa huwa ni kupata hiyo miadi ya kupeleka ombi.

Sasa hapa ndipo njia mbili hizi zinapoanza kutofautiana. Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingilia kwanza. Ukipanga usiku minne Paris, miwili Brussels na mitatu Amsterdam, ombi lako ni la Ufaransa, hakuna mjadala. Ukipanga mitatu Prague, mitatu Vienna na mitatu Budapest, ombi linakwenda kwa nchi ya kwanza kuingia, na hapo tiketi yako ya ndege ndiyo ushahidi. Afisa anasoma ratiba yako usiku kwa usiku na kuilinganisha na hosteli ulizoweka. Usiku mmoja ukikosa mahali pa kulala kwenye karatasi, ujue umempa swali la kukuuliza.

Kwa Mtanzania, njia ya magharibi ina wepesi wake: Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi zote zina balozi Dar es Salaam. Ucheki, Austria na Hungaria balozi zao ziko Nairobi, hivyo kabla ya kulipa chochote uliza ombi lako litapokelewa wapi na nani, maana mara nyingine nchi moja humwakilisha mwenzake. Mkenya aliye Nairobi haoni tofauti hii. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi yoyote ya Schengen, kama mwanafunzi aliye Ujerumani au Italia, haombi viza hata kidogo. Aliye Uingereza na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda bado anaomba, kwa sababu Uingereza haimo Schengen. Na kwa sababu hiyohiyo, usiongeze London kwenye safari ya siku kumi eti kwa kuwa treni ya Eurostar inafika. Utalipia viza ya pili kwa ajili ya siku mbili.

Tiketi ya ndege, tafuta ile ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. KLM inatua Dar es Salaam, Kilimanjaro na Nairobi ikitoka Amsterdam, na kwa kuwa inashirikiana na Air France ni rahisi kufika Paris na kurudi kutoka Amsterdam kwa tiketi moja. Brussels Airlines inafika Entebbe, Kigali na Bujumbura, kwa hiyo Mganda, Mnyarwanda au Mrundi anaweza kuanzia Brussels. Prague, Vienna na Budapest utazifikia kupitia Istanbul kwa Turkish Airlines au Dubai kwa Emirates. Kosa la gharama kubwa ni tiketi ya kwenda na kurudi mji uleule: unalipa nauli ya treni ya kurudi ulikotoka, na siku nzima inaondoka nayo.

Reli

| Kipande | Treni ya kasi | Njia ya nafuu |
|---|---|---|
| Paris–Brussels | Eurostar, saa 1 na dakika 22 | OUIGO ya kawaida, karibu saa 3. Basi, karibu saa 4 |
| Brussels–Amsterdam | Eurostar, karibu saa 2 | Eurocity Direct, saa 2 na kidogo, hadi Amsterdam Zuid |
| Prague–Vienna | Railjet, karibu saa 4 | RegioJet, muda karibu uleule |
| Vienna–Budapest | Railjet, karibu saa 2 na dakika 40 | Railjet hiyohiyo, tiketi ya kununua mapema |

Ukiitazama haraka utaona magharibi kuna kasi zaidi, na ni kweli. Lakini kasi hiyo inauzwa. Nauli ya Eurostar hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, kama nauli ya ndege. Aliyenunua miezi miwili kabla hulipa euro thelathini na kitu kutoka Paris kwenda Brussels, aliyenunua wiki hiyohiyo akaambiwa zaidi ya mia. Treni ya OUIGO iliyoanza Desemba 2024 kati ya miji hiyo miwili ni mkombozi: inapita reli ya zamani, haina mbio, na bei yake huanzia euro 10.

Upande wa Prague, Vienna na Budapest ushindani wa makampuni umewafaa wasafiri. Kati ya Prague na Vienna reli za serikali na RegioJet, kampuni binafsi ya mabehewa ya manjano, zinagombania abiria walewale, na ukinunua wiki tatu au nne kabla utapata kiti kwa bei isiyofika euro 25 kwa kila kipande. Hata ukichelewa bei haikurukii kama ya Eurostar. Kwa msafiri ambaye hajui viza yake itatoka lini, na hivyo hathubutu kununua tiketi mapema, jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana.

Vipi kuhusu ile pasi ya reli ya Ulaya nzima, Eurail? Kwa safari ya vipande viwili vya treni, iache. Mtu mzima hulipa zaidi ya euro 250 kwa pasi ya siku nne za kusafiri, na juu yake Eurostar wanakutoza ada ya kuhifadhi kiti kila safari. Pasi inamfaa anayezunguka mwezi mzima.

Ndege za bei poa nazo zinadanganya kwa jina. Ryanair wakisema Paris wanamaanisha Beauvais, kilomita zipatazo 85 kutoka mjini, na basi lake ni saa moja na robo. Begi la bure chini ya kiti halizidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Begi la mgongoni la lita 40 halitoshi humo, utalipia getini, na tofauti yote ya nauli imeyeyuka.

Jambo moja la mpakani, lihusulo njia zote mbili. Ndani ya Schengen mtu huambiwa hakuna ukaguzi, ila polisi wanapanda treni. Kati ya Hungaria na Austria ukaguzi huu umekuwepo tangu 2015: treni inasimama Hegyeshalom, kituo cha mwisho cha Hungaria, askari wanapita behewa kwa behewa, na mara nyingi mtu mweusi ndiye anayeombwa karatasi kwanza. Inakera, na hakuna sababu ya kuipamba. Pasipoti ikae mwilini, siyo kwenye begi lililo juu ya vichwa, na uwe na nakala ya hosteli na tiketi ya kurudi kwenye simu bila kutegemea bando.

Kulala

Hesabu inageukia hapa. Kitanda kimoja cha ghorofa katika chumba cha watu sita au wanane hukaa hivi kwa kawaida: Paris euro 35 hadi 60, Amsterdam 40 hadi 80 wakati wa kiangazi, Brussels 25 hadi 40. Upande wa pili, Vienna 20 hadi 35, Prague 15 hadi 25, Budapest 12 hadi 25. Amsterdam tangu 2024 inatoza kodi ya utalii ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na mara nyingi haionyeshwi mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo. Kwa usiku tisa, tofauti ya njia hizi mbili huanzia kama euro 160 na inaweza kufika 275 au zaidi. Hizo ni siku tatu au zaidi za chakula, usafiri na viingilio ukiwa Budapest.

Anayeng'ang'ania Amsterdam alale Haarlem, dakika 15 kwa treni, au Utrecht, chini ya nusu saa. Zote ni miji mizuri yenye mifereji yake, na treni zinapita mfululizo. Paris usilale mbali kupita kiasi ili kuokoa euro kumi. Ukiwa nje ya mstari wa metro utazilipa kwa nauli na kwa uchovu.

Kufuli beba lako mwenyewe, dogo lenye namba. Hosteli nyingi zina kabati la kufungia vitu chini ya kitanda, ila kufuli wanakuuzia. Beba pia ndala za kuogea. Budapest zitakufaa maradufu, nitaeleza.

Magharibi: Paris inakula hela, Brussels inakushika

Paris haihitaji kutetewa. Ila mipango ya kuiona imebadilika. Makumbusho ya Louvre tangu Januari 2026 inamtoza mgeni kutoka nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya euro 32, wakati Mfaransa au Mjerumani analipa 22. Siku ya Jumanne imefungwa. Mwanafunzi wa Kiafrika mwenye chini ya miaka 26 anayeishi Ulaya kwa kibali anaingia bure, abebe kadi yake. Usiyetaka kutoa euro 32, una Petit Palais na Carnavalet, makumbusho mbili za jiji ambazo mikusanyo yake ya kudumu ni bure, na kanisa la Notre-Dame lililofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 2019, bure pia. Ukitaka kula kama mtu wa nyumbani, shuka metro ya Château Rouge, mtaa wa 18: ndizi za kupika, mihogo, samaki wa kukausha, na wanawake wa Kikongo na Kisenegali wakiuza barabarani.

Brussels ndiyo watu huipita. Wanashuka, wanapiga picha Grand-Place, uwanja mkuu wa mji wa kale, wanakula chipsi, wanapanda treni ya jioni kwenda Amsterdam. Mimi nasema Brussels ndiyo sababu pekee ya msingi ya kuchagua njia hii.

Kaa usiku miwili. Siku ya kwanza nenda Matongé, mtaa ulio karibu na Porte de Namur katika wilaya ya Ixelles, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Saluni, maduka ya vitenge, mapondu (kisamvu) kwenye sufuria, mashati ya sapeur, wale watanashati wa Kikongo, dirishani. Lingala na Kifaransa ndizo zinazotawala, ila sogea kidogo na usalimie kwa Kiswahili. Wa Lubumbashi, wa Goma na wa Bukavu wapo, na mazungumzo yakianza hayaishi upesi. Mwanzoni mwa mtaa kuna uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba, ulizinduliwa 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo.

Siku ya pili panda tramu namba 44 kutoka Montgomery. Inakatiza msitu wa Soignes na kuishia Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika, jengo lililofunguliwa 1910 na kufanyiwa ukarabati mkubwa hadi Desemba 2018. Jumatatu hawafungui. Chanzo chake ni maonyesho ya mwaka 1897, ambapo mfalme Leopold II alileta Wakongo 267 wakaonyeshwa kwa umma katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani. Saba walikufa na walizikwa Tervuren. Makaburi yao yako kando ya kanisa la mji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka makumbusho.

Ndani ya jengo kuna ukumbi wenye ukuta ulioandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908, enzi za Leopold. Wakongo waliokufa hawakuandikwa. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayotazamana na ukuta huo. Jua likipiga, vivuli vya majina yao vinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Nenda mchana wa jua kama ratiba inakuruhusu. Katika hifadhi ya kumbukumbu ya makumbusho hiyo ndimo zinamohifadhiwa pia nyaraka za Henry Morton Stanley, zenye habari za misafara iliyobebwa na wapagazi kutoka Zanzibar. Msomaji wa Kiswahili anayesema hana cha kutafuta Ubelgiji, sijui anatafuta nini Ulaya.

Amsterdam nitaipita haraka. Ni mji mzuri, ni ghali, na vitu vyake vikubwa vinataka uwe umejipanga. Tiketi za nyumba ya Anne Frank zinatolewa mtandaoni kila Jumanne kwa tarehe za wiki sita mbele, na mlangoni haziuzwi. Kwenye usafiri wa mjini unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ukipanda na ukishuka. Ukisahau kugusisha wakati wa kushuka unakatwa zaidi. Nyuma ya stesheni kuu kuna kivuko cha bure kwenda upande wa Noord, saa zote. Panda jioni, ni matembezi bora ya mji ule na hayana tiketi.

Katikati ya Ulaya: siku zinakuwa ndefu

Tofauti ya kwanza utakayoiona ni kwamba mambo makubwa ya miji hii yako nje, wala hayana geti. Daraja la Charles mjini Prague, lililoanza kujengwa 1357, ni bure. Nyua za kasri ni bure, unalipia tu ukiingia majengo. Tramu namba 22 inakupandisha hadi kasri, hivyo wale wanaopanda ngazi na begi wakihema, waache. Lipite daraja saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia saa nne halipitiki, watu wamebanana.

Vienna ndiyo ghali ya njia hii, lakini ina njia zake za nafuu, tena za wazi. Maji ya bomba yanatoka milimani, kwa mabomba yaliyoanza kufanya kazi 1873, na mji umejaa mabomba ya kunywea. Chupa yako moja inatosha safari nzima. Nyumba ya opera ya taifa huuza nafasi za kusimama kwa bei ya mlo mmoja wa mgahawani, na unaona onyesho lilelile analolipia mwingine mamia. Bustani za kasri la Schönbrunn ni bure. Angalizo moja: Jumapili maduka yamefungwa, na si kwa utani. Chakula utakipata kwenye duka la ndani ya stesheni kuu, na foleni yake inafika nje. Jumamosi jioni nunua mkate, jibini na matunda, mambo yamekwisha.

Kati ya Vienna na Budapest iko Bratislava, saa moja tu kwa treni. Usilale. Begi lako liache kwenye kabati la stesheni, zunguka mji wa kale nusu siku, jioni endelea na safari. Ndiyo nyongeza pekee ninayoiruhusu katika njia hii, kwa kuwa iko njiani na Slovakia inatumia euro.

Budapest mtu akiifikia mwisho huona kama safari imeanza upya. Panda mstari wa kwanza wa metro, wa mwaka 1896, mabehewa madogo ya manjano na stesheni za vigae zilizo hatua chache tu chini ya barabara. Panda tramu namba 2 kando ya mto Danube usiku, Bunge likiwa limewashwa taa. Kisha nenda kwenye maji ya moto. Bwawa la Széchenyi lilifunguliwa 1913, maji yanatoka chini ya ardhi, na hata kukiwa na theluji watu wako nje ndani ya maji, mvuke umewafunika hadi mabega, wazee wanacheza sataranji juu ya ubao unaoelea. Kiingilio kinazidi forint 10,000, si kidogo, lakini unakaa kutwa. Vaa nguo ya kuogelea na zile ndala zako. Anayetaka kitu cha kale zaidi aende Rudas, ambako kuba lililojengwa na Waturuki wa Ottoman karne ya 16 bado limefunika bwawa la katikati.

Kula, hela, na mifuko

Mwislamu anayechunga chakula chake atapata wepesi magharibi. Paris na Brussels halali iko kila kona, na msikiti mkuu wa Paris, wa mwaka 1926, una mgahawa na chai ya mnanaa. Vienna nayo haimpi mtu shida: Waturuki ni wengi, soko la Brunnenmarkt limejaa, na Austria iliutambua Uislamu kisheria tangu 1912. Ugumu uko Prague, na kidogo Budapest, ambako nguruwe anaingia hadi kwenye supu. Uliza kabla ya kuagiza. Budapest kimbilio ni lángos, mkate wa kukaangwa unaopakwa malai na jibini. Muulize muuzaji anakaangia mafuta gani.

Anayezungumza Kifaransa, awe wa Bukavu au Bujumbura, Paris na Brussels zinamfungukia kuliko mwingine yeyote. Katika njia ya pili Kiingereza kinatosha hostelini na stesheni.

Fedha ni kero ya njia ya pili. Ucheki wana koruna, euro moja ikiwa karibu koruna 25, na Hungaria wana forint, mamia kadhaa kwa euro moja. Maduka ya kubadilisha fedha yaliyo karibu na vivutio yana bei za kuumiza. Lipa kwa kadi kila inapowezekana. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa koruna au kwa sarafu ya kadi yako, chagua koruna, vinginevyo mwenye mashine ndiye anajipangia kiwango. Ijulishe pia benki yako kabla ya kuondoka nyumbani, kadi nyingi hufungwa siku ya kwanza tu ya matumizi ya nje.

Vibaka wapo kote, ila stesheni ya Brussels-Midi na metro ya Paris zinataka macho zaidi. Begi livae mbele kifuani ukiwa ndani ya umati. Prague na Budapest tatizo lako kubwa ni wakaguzi wa tiketi: tiketi ya karatasi isiyogongwa muhuri kwenye kimashine ni sawa na kutokuwa nayo, na ugeni hausikilizwi.

Na Italia je?

Wengi wataniuliza. Roma, Florence na Venice ni njia nzuri, treni za kasi ni saa moja na nusu kisha saa mbili, ushindani wa makampuni ya treni, Trenitalia na Italo, unashusha nauli, na nchi ni moja kwa hiyo ombi la viza halina utata. Kilichonifanya niiweke kando ni joto la Julai na Agosti, bei za vitanda Venice, na foleni. Anayeitaka aende Machi, Aprili au Oktoba, atafurahi.

Basi chagua

Mkongo, Mrundi, mwalimu au mwanafunzi wa historia, au yeyote mwenye ndugu Paris, Brussels au Rotterdam wa kumpa godoro: nenda magharibi, na ugawanye usiku minne Paris, mitatu Brussels, miwili Amsterdam. Nimeiongezea Brussels usiku mmoja makusudi. Ndugu akikupokea, omba barua ya mwaliko mapema, kwa kuwa ubalozi utaitaka pamoja na ombi, na Ubelgiji na Ufaransa kila moja ina fomu yake inayopitia manispaa.

Wengine wote, na hasa wawili wanaosafiri kwa bajeti moja: anzeni Prague, malizieni Budapest. Mwelekeo huu una faida mbili. Mnaanzia bei ya kati, mnapita penye ghali mkiwa bado na akiba, mnamalizia penye nafuu ambako hata hela ikibaki kidogo inatosha. Na ule ukaguzi wa Hegyeshalom unawabana zaidi wanaotoka Hungaria kuingia Austria kuliko wanaokwenda kinyume chake. Pangeni usiku mitatu Prague, miwili Vienna, minne Budapest, na kwa mpangilio huo ombi la viza ni la Hungaria. Mei au Septemba ndiyo miezi yake: mchana mrefu, vitanda havijajaa, na koti jepesi linatosha. Miadi ya viza ya Mei itafuteni kuanzia Januari.